Hesabu, Chenji na Mlango: Mwongozo Kamili wa Kujenga Huduma Njema kwa Abiria wa Daladala

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mmiliki mwenye daladala moja hadi kumi, pamoja na msimamizi aliyeachiwa shughuli za kila siku. Mifano yake ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ninakokujua, ingawa mwenye gari Mwanza, Arusha au Mbeya atakuta mengi yanayofanana na ya kwake. Nimeupanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe: unaanzia kwenye makubaliano kati ya tajiri, yaani mmiliki wa gari, na wafanyakazi wake, unapita stendi na mlangoni, na unaishia kwenye malalamiko. Wamiliki wengi huanzia huku mwisho. Humwita konda, humkaripia kwa lugha yake chafu, humnunulia sare mpya, kisha baada ya wiki mbili hupokea malalamiko yale yale. Ninaamini kwamba lugha ya konda hupangwa nyumbani kwa tajiri kabla gari halijawashwa, na kwamba asiyekubali kuigusa hesabu, ile fedha anayopelekewa kila siku, hataweza kuigusa huduma.

Hatua ya kwanza: itazame upya hesabu

Katika daladala nyingi hakuna mshahara. Dereva hukabidhiwa gari alfajiri, hujaza mafuta kwa fedha ya abiria, humpelekea tajiri kiasi kilichopangwa, yaani hesabu, na kinachobaki hugawana na konda wake. Mkataba wa maandishi haupo, na siku dereva akichoka au akiugua humwachia usukani deiwaka, yaani dereva wa kushikiza, ambaye pengine tajiri hajawahi kumwona.

Tuchukue mfano wa gari linalodaiwa hesabu ya shilingi 100,000 na kutumia mafuta ya shilingi 120,000 kwa siku. Kwa nauli ya mtu mzima ya shilingi 600, gari hilo lazima libebe abiria 367 kabla dereva na konda hawajapata hata fedha ya chakula cha mchana. Wakipanda wanafunzi wanaolipa 200, inabidi wawe watatu ndipo wafikie nauli ya mtu mzima mmoja. Hapo ndipo konda anapojifunza kuziba mlango kwa mkono aonapo sare ya shule, dereva anapojifunza kukatisha ruti jioni ili awahi kugeuza, na mama mwenye mizigo anapoondokewa na gari kabla hajashika bomba la kujishikilia. Vijana hawa wamelelewa kama watoto wengine wa mjini, ila wamewekwa kwenye mbio ambazo kila sekunde ya upole hutoka mifukoni mwao.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, panda gari lako mwenyewe siku tatu mfululizo, mojawapo ikiwa Jumatatu na nyingine Jumapili, ukiwa na daftari. Andika kila safari imeanza saa ngapi na kumalizika saa ngapi, imebeba watu wazima wangapi na wanafunzi wangapi, mafuta yamejazwa kiasi gani, na fedha nyingine imetoka kwenda kwa nani, wakiwemo wapiga debe wanaoita abiria stendini. Baada ya siku hizo utajua kiasi halisi ambacho gari linaweza kuzalisha kwenye ruti hiyo. Mara nyingi utagundua kwamba hesabu uliyoipanga ilitokana na uvumi wa matajiri wenzako, na ruti yenyewe haiifikii.

Ukishajua ukweli huo, una njia mbili. Njia bora ni mshahara wa mwezi kwa dereva na konda, ukiongezewa posho inayotokana na mapato yaliyothibitishwa kwa tiketi. Njia hii inadai mashine ya tiketi au vitabu vya tiketi vyenye namba, pamoja na msimamizi anayekagua, na kwa mwenye gari moja inaweza kuwa nzito mwanzoni. Njia ya pili ni kubaki na hesabu lakini kuilegeza: ishushwe ifikie kiwango ambacho daftari lako limekionyesha, iwe na kifungu cha siku mbovu kinachoeleza itapunguzwa vipi gari likiharibika, mvua ikifunga barabara au foleni ikila nusu ya siku, na isihamishiwe siku inayofuata kama deni. Deni la jana ndilo linalomfanya konda aanze asubuhi akiwa tayari amekasirika.

Njia yoyote utakayoichagua, iandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na dereva wa daladala ni mfanyakazi hata kama hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Karatasi mbili zinatosha: zitaje kazi, malipo, saa, siku ya mapumziko, mambo yatakayohesabiwa kuwa makosa, na namna kosa litakavyosikilizwa.

Hatua ya pili: gawanya siku kwa zamu

Daladala nyingi huanza kazi saa 11 alfajiri na kulala saa 3 au saa 4 usiku, zikiwa na dereva yule yule na konda yule yule. Hakuna mafunzo ya huduma yanayoweza kumsaidia mtu aliyesimama kwenye joto kwa saa 16. Sheria niliyoitaja imeweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na ukizigawa saa hizo 45 kwa siku sita unapata zamu ya saa 7 na nusu. Mpango wake ni mwepesi: kundi la kwanza linashika gari kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 na nusu mchana, la pili kuanzia hapo hadi saa 2 usiku, na siku ya saba gari linakaguliwa kwa fundi au linaendeshwa na dereva wa akiba anayejulikana kwa jina na leseni.

Matajiri watauliza fedha ya kundi la pili itatoka wapi. Sehemu yake inatoka kwenye mafuta na matairi, kwa kuwa dereva aliyelala haendeshi kwa pupa. Sehemu inatoka kwenye faini za trafiki zinazopungua. Na iliyobaki inatoka mfukoni mwa tajiri, jambo ambalo sitalificha. Katika mwezi wa kwanza niliposimamia magari ya ndugu yangu, abiria mmoja alipiga simu kulalamika kwamba gari letu lilimwondokea mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi, akaanguka na kuchubuka magoti. Niliwaita dereva na konda nikiwa tayari nimeandika barua ya kuwasimamisha. Katika kuhojiana nikagundua kwamba tukio lilikuwa la saa 10 jioni, na kwamba tangu chai ya alfajiri hawakuwa wametia kitu tumboni kwa sababu hesabu ilikuwa haijatimia. Kosa lilibaki kuwa kosa na walimwomba yule dada radhi kwa miguu yao wenyewe, lakini barua niliichana, na wiki iliyofuata tukaanza zamu.

Hatua ya tatu: dakika kumi za alfajiri

Kabla gari halijatoka, msimamizi au dereva mwenyewe atumie dakika kumi kukamilisha mambo matatu.

La kwanza ni chenji, na ninalitanguliza kwa makusudi, kwa kuwa ugomvi mwingi ndani ya daladala huanzia kwenye sarafu. Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli ya njia isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, ukokotoaji wa chenji wa konda ulibadilika bila yeye kufundishwa. Zamani noti ya 1,000 ilirudishiwa sarafu moja ya 500. Kwa nauli ya 600 inarudishiwa 400, yaani sarafu mbili za 200. Abiria 20 wa kwanza wakitoa noti ya 1,000 kila mmoja, konda anahitaji sarafu 40 za 200, sawa na shilingi 8,000, kabla gari halijafika nusu ya njia. Asipokuwa nazo atafanya yale tunayoyaona kila siku: atamwambia abiria asubiri mpaka kituo cha kushukia, atawafunga pamoja abiria wasiofahamiana ili wagawane noti moja huko chini, au atanyamaza akitumaini wamesahau. Wengine hununua chenji kwa wanaoiuza stendini, na hasara hiyo hurudi kwa abiria kwa njia nyingine.

Mpe konda mfuko wa kuanzia wa shilingi 20,000, nyingi zikiwa sarafu za 200 na kiasi cha 100, uandikwe kwenye daftari kama mali ya gari na urudishwe jioni ukiwa kamili. Sarafu zipatikane benki au kwa wenye maduka na vituo vya mafuta unaoelewana nao. Kanuni iwe moja: chenji hutolewa pale pale nauli inapopokelewa. Ikitokea imekosekana, konda amwandikie abiria kiasi anachodai nyuma ya tiketi yake, ili asilazimike kupaza sauti anaposhuka.

La pili ni gari lenyewe: viti visivyo na misumari inayochana nguo, madirisha yanayofunguka, sakafu iliyofagiwa, na muziki ambao sauti yake inamruhusu abiria wa nyuma kusikika anaposema "shusha". Bandika mahali panapoonekana jedwali la nauli linalotumika na namba ya simu ya msimamizi.

La tatu ni sare na kitambulisho. Kanuni za Kenya zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo Wakenya wanazijua kwa jina la Waziri John Michuki, zilidai sare kwa madereva na makondakta pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na zikabadilisha sura ya matatu, yaani daladala za Kenya, kwa muda mfupi. Sare ina faida ya kweli, kwamba abiria anajua nani anahusika na nani ni mpiga debe tu. Lakini sare haimlipi aliyeivaa, na ndiyo maana imekuja baada ya hesabu na zamu.

Hatua ya nne: mlango

Mlangoni ndipo huduma yote inapoonekana, kwa hiyo tukae hapa kwa muda.

Gari lisimame kabisa, ndani ya kituo, kabla mlango haujafunguliwa. Konda ashuke chini na asimame kando ya ngazi, waanze wanaoshuka, ndipo wapande wanaopanda. Haya yanajulikana na kila mtu na yanavunjwa na karibu kila mtu, hasa jioni pale Mbagala au Kariakoo, watu wanapoingilia hata madirishani. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni konda kutangaza mapema kwamba gari halitaondoka mpaka mlango utulie, na dereva kumwunga mkono kwa kutogusa gia. Mara mbili tatu abiria watanung'unika. Baadaye wanaopanda gari hilo kila siku hupanga foleni wenyewe, na huwaelekeza wageni.

Ishara ya kuondoka itolewe na konda peke yake, kwa kugonga bodi, baada ya kumwona abiria wa mwisho ameshika bomba au ameketi. Dereva asiondoke kwa kukisia kupitia kioo.

Kuhusu mikono, msimamizi asione aibu kusema wazi. Konda hamshiki abiria kiuno, bega wala mkono ili ampandishe au amsogeze. Akitaka kusaidia, ananyoosha mkono wake na kumwacha abiria aushike mwenyewe akipenda, na akitaka kubeba mzigo anaomba kwanza: "Mama, nikupokee?" Wapiga debe wanaovuta mikoba ya watu hawana nafasi katika mlango wa gari lako, na konda ana mamlaka ya kuwazuia. Wanawake na wasichana wamevumilia mengi kwenye milango hii na wengi hawalalamiki kwa kuwa hawajui wamlalamikie nani. Kosa la kumpapasa abiria liwekwe kwenye mkataba kuwa la kufukuzisha kazi, na lisiitwe utani.

Ndani ya gari, kudai nauli kuna lugha yake. Konda mzoefu huchezesha sarafu kiganjani na abiria wanaelewa. Hakuna ubaya, ila asizichezeshe sikioni pa mtu. Kwa sauti, inatosha kusema "Tusaidiane nauli, ndugu zangu" kwa wote, na kwa mmoja mmoja kutumia majina ya heshima ambayo kila Mswahili anayo: mzee, mama, bibi, dada, kaka, anko. Kwa mtu mzima, "Shikamoo, mzee, nauli tafadhali" hainyang'anyi hata sekunde mbili. Ulinganishe na "Wewe mama, sogea nyuma, gari siyo la kwako", kauli niliyoisikia kwa masikio yangu ikimfanya mwanamke wa rika la bibi yangu ashuke vituo vitatu kabla ya kwake. Kumsogeza abiria kuna namna: mwambie sababu na mahali, kwa mfano, "Kaka, nyuma yako pana nafasi ya watu wawili, naomba usogee hatua moja."

Vituo vitajwe kabla ya kufika, kwa swali lenye muda wa kujibiwa. "Afrikana wapo?" iulizwe gari likiwa bado mbali, ikifuatwa na ukimya mfupi, na konda ageuke kutazama nyuma. Makonda wengi huuliza na kujijibu kwa pumzi moja, "Afrikana hakuna, twende!", na abiria mgeni anajikuta Tangi Bovu.

Hatua ya tano: wanafunzi

Nauli ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200 nauli ya mtu mzima ilipofika 600, na pengo hilo la 400 hubebwa na dereva na konda peke yao. Kuwahubiria kuhusu huruma kwa watoto huku umewaachia pengo zima ni kuwadanganya. Mtoto wa darasa la tano anayesimama kituoni tangu saa 11 na nusu, akipitwa na magari manne, anafika shule akiwa amechelewa na anaadhibiwa kwa kosa la watu wazima.

Fanya hivi. Chapisha kitabu cha tiketi za wanafunzi chenye rangi yake, au weka kitufe chake kwenye mashine. Kwa kila tiketi ya mwanafunzi iliyokatwa, tajiri apunguze shilingi 200 kwenye hesabu ya siku hiyo, ili pengo ligawanywe nusu kwa nusu. Wanafunzi 60 kwa siku watakugharimu 12,000. Weka pia idadi ya chini kwa safari za asubuhi na za mchana shule zinapofungwa, tuseme wanafunzi 8 kwa safari, na msimamizi aihakiki kwa kusimama kituoni mara moja kwa wiki bila kutoa taarifa. Mwanafunzi apande kwa zamu yake na wengine, asingojeshwe mpaka watu wazima waishe, na asiinuliwe kwenye kiti kwa sababu tu nauli yake ni ndogo. Akimpisha mzee, iwe kwa adabu aliyofundishwa nyumbani.

Hatua ya sita: wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu

Tenga viti viwili vya karibu na mlango na uviandike. Kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, kiti kikunjwe na kubebwa bila kudaiwa nauli ya mzigo, naye aulizwe jinsi anavyopenda kusaidiwa, kwa sababu anajua mwili wake kuliko konda. Kwa asiyeona, konda ataje jina la gari na ruti anapopanda, amhesabie chenji kwa kuitaja sarafu moja moja huku akiiweka kiganjani, na amshushe upande wa kituo, pasipo mtaro. Kwa kiziwi, amtazame usoni na kuonyesha nauli kwa vidole.

Hatua ya saba: gari linapoharibika

Pancha au injini kuzima si aibu. Aibu ni konda kutoweka na nauli za watu. Dereva awashe taa za tahadhari, awashushe abiria upande salama, kisha konda aeleze kwa sauti kilichotokea na kitakachofanyika. Abiria wafaulishwe kwenye gari jingine, na wanaotaka fedha yao warudishiwe. Gharama ya kufaulisha iwe ya tajiri, itolewe kwenye akiba ndogo inayokaa garini, kwa kuwa konda asiyekuwa na akiba hiyo atalazimika kubishana na abiria ili aokoe chakula cha wanawe.

Mizigo iliyosahaulika ifungwe kwenye mfuko, iandikwe tarehe na safari, na ikabidhiwe kwa msimamizi jioni hiyo hiyo.

Hatua ya nane: malalamiko

Namba ya simu uliyoibandika garini lazima ipokelewe. Anayepokea aandike tarehe, saa, namba ya gari, kituo na maneno ya mlalamikaji kama alivyoyasema, kisha aombe radhi kwa usumbufu bila kuharakisha kumhukumu konda, ambaye hajasikilizwa. Kila Jumamosi, msimamizi apitie daftari pamoja na madereva na makonda wote wa zamu mbili, na kila lalamiko litenganishwe: je, ni kosa la mtu, au la mpangilio? Chenji iliyokosekana mara tano kwa wiki ni ya mpangilio. Tusi ni la mtu.

Kwa kosa la mtu, mwambie kwa maandishi anachotuhumiwa, mpe muda wa kujibu, msikilize akiwa na mwenzake anayemwamini, ndipo uamue. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinadai usikilizwaji wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na tajiri anayemfukuza konda barabarani kwa simu anaweza kujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika kikao hicho hicho cha Jumamosi, soma pia pongezi zilizoingia, utaje jina la aliyepongezwa na umpe posho yake hapo hapo mbele ya wenzake.

Kisha mpigie simu abiria aliyelalamika umweleze kilichofanyika. Wengi watashangaa kupigiwa, na baadhi watakutajia kituo wanachopandia na saa yao, ili konda wako awajue.